Kanyana na Mawe ya Yordani

Siku masanduku kutoka Yordani yalipofika, Kanyana binti Rugamba alifurahi kama mtu aliyeletewa barua. Jina la Yordani alikuwa akiliimba tangu utoto wake kwenye milima ya Kivu Kusini, na hata sasa, mjane wa miaka arobaini na minne anayeishi Columbus, Amerika, haikupita Jumapili bila kwaya yao kuimba habari za kuvuka Yordani. Alitegemea kunusa harufu ya mto. Alipofungua sanduku la kwanza akakuta mawe.

Yalikuwa mawe marefu ya mviringo, mfano wa michi ya kutwangia, yamelazwa kwa safu, kila moja limeandikwa namba ya tundu la uchimbaji lilikotolewa na kina chake kwa mita. Rangi yake ilikuwa kijivu inayokaribia weusi. Yalikuwa makavu kabisa. Vumbi lake lilikwama kooni.

Maabara aliyofanyia kazi iko Hilliard, pembeni mwa Columbus, nyuma ya duka la matairi, jengo bapa ambalo mpita njia angedhani ni ghala. Kampuni za mbali huleta pale mawe yao yapimwe. Safari hii ilikuwa kampuni iliyotaka kujua kama mwamba ulio chini ya jangwa la Yordani una mafuta ya kutosha kufungulia mgodi. Mafuta ya namna hiyo hayakai chini ya ardhi kama maji kisimani. Yamo ndani ya jiwe lenyewe, na hayatoki mpaka jiwe lisagwe na kupikwa. Kazi ya Kanyana ilikuwa kupasua kila jiwe katikati kwa msumeno: nusu iende kwenye tanuri, nusu irudi sandukuni. Alikuwa hodari. Msimamizi wake hakuwa mtu wa kusifu, lakini wageni wakija aliwaambia, "Angalieni mikono ya yule mama."

Kazi hiyo aliipata kwa Kavugho, mama wa Butembo waliyejuana naye katika kambi ya wakimbizi. Kanyana alipofika Amerika alipelekwa kwanza Louisville, alikokuwa baba yake mdogo, mzee Gakwaya, akapanga vifurushi ghalani miaka minne hadi mgongo ukakataa. Ndipo Kavugho akampigia simu: "Kuya huku Columbus. Kuko kazi ya mawe. Haina kukimbizana." Akaenda.

Basi akaanza kupasua mawe ya Yordani. Msumeno ulipoingia, jiwe lilitoa harufu ya koroboi iliyopulizwa ikazimika sasa hivi. Na lilipopikwa, harufu ilibadilika ikawa nzito, ya kitu kilichoungua pamoja na watu ndani yake. Wenzake walivaa barakoa na kuendelea kuzungumza habari za mpira. Kanyana alivaa yake na kuona nyasi za paa la nyumba ya baba yake zikiwaka.

Siku ya tatu alimwona Ndahiro.

Ilikuwa saa nne asubuhi, taa zote zimewashwa, redio ya msimamizi inaimba ofisini. Kanyana aliinua macho kutoka kwenye msumeno akamwona kaka yake amesimama kati ya rafu, mbele ya masanduku ya tundu namba tisa, katika koti lile la kahawia lililobaki kifungo kimoja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, kama alivyokuwa siku ya mwisho. Hakumtazama dada yake. Aliyatazama mawe, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayesoma. Hakuwa na sura ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha Kanyana. Alipozima mashine na kuvua miwani, hapakuwa na mtu.

Alirudi siku iliyofuata. Na iliyofuata. Daima pale pale, kwenye tundu namba tisa.

"We Kanyana," Kavugho akamwambia wakati wa chakula, "unaangaliaka nani kule kwa rafu?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu, na macho inabaki kule? Bon. Ule msumeno hauchezi na mutu. Kama uko na ugonjwa, sema."

"Siko na ugonjwa."

"Donc uko na nini?"

Kanyana alifunika chakula chake bila kukigusa. Alichokuwa nacho hakuwahi kumwambia mtu kwa miaka ishirini na mitano.

Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, watu watatu walifika kijijini kwao na nyundo ndogo na ramani. Walitafuta mawe meusi mazito ambayo, walisema, yanahitajika sana ng'ambo. Baba yake, mzee Rugamba, alijua yalipo. Yalikuwa kwenye kijito walikonyweshea ng'ombe. Aliwakaribisha wageni, akawapa maziwa, akawaambia hajui lolote. Walipoondoka aliwaita wanawe na kusema kwamba atakayewaonyesha kile kijito si mtoto wake.

Kesho yake Kanyana alikutana na wale watu njiani akiwa na mtungi. Mmoja wao, kijana mpole mwenye miwani, hakumwita "we msichana" kama wengine. Alimuuliza jina lake, akaliandika katika daftari, akamwonyesha lilivyoandikwa. Kanyana hakuwa amewahi kuona jina lake kwenye karatasi. Hakupewa kitu kingine chochote. Aliwaongoza hadi kijitoni, akaokota jiwe jeusi majini kwa mkono wake mwenyewe.

Miezi miwili haikuisha wakaja wachimbaji, na nyuma ya wachimbaji wakaja watu wenye bunduki wa kuwalinda. Kijito kikawa tope. Ng'ombe wakaanza kufa. Baba mdogo Gakwaya akasema alimwona Ndahiro akizungumza na wale wageni barabarani, na mzee Rugamba akaamini. Alimsimamisha mwanawe mbele ya ukoo mzima, akamuuliza kama ni yeye aliyeuza maji yao. Ndahiro hakujibu. Baba yake akamwambia asiite tena jina lake. Kanyana alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akisubiri kaka yake aseme hapana ili naye apate ujasiri wa kusema ni mimi. Ndahiro hakusema hapana.

Asubuhi yake Ndahiro alivaa koti akashuka shimoni kuwaambia wale watu waondoke. Hakurudi. Wengine walisema alipigwa risasi, wengine walisema alifukiwa kwenye shimo akiwa hai. Wiki ile ile nyumba zao zikachomwa, wakakimbilia Burundi. Mzee Rugamba alikufa kambini bila kulitaja jina la mwanawe. Na kwa kuwa hapakuwa na mwili, na kwa kuwa baba alikuwa amemkana, Ndahiro hakuwekewa kilio.

Hayo ndiyo Kanyana aliyokuwa nayo, na sasa yalikuwa yamemfuata hadi Hilliard.

Wiki ya pili alifika mhandisi wa ile kampuni, Rawan, mwanamke mfupi wa huko huko Yordani, mwenye viatu vilivyochakaa kwa mawe. Alikuwa amekaa jangwani mwaka mzima akisimamia uchimbaji wa matundu. Sasa alikuja kuyaona mawe yakiwa yamepasuliwa. Alipenda kusimama karibu na Kanyana. Alipofika kwenye tundu namba tisa uso wake ulichangamka.

"Hili ndilo bora kuliko yote," akasema kwa Kiingereza. "Bila yule bibi tusingelipata."

"Bibi gani?" Kanyana akauliza.

"Mchunga mbuzi. Tulikuwa tumepotea kabisa. Akatuambia baba yake alikuwa akiwasha moto kwa mawe ya mahali fulani, mawe yanayowaka yenyewe. Akatembea nasi nusu siku mpaka pale. Kisha akatupikia chai."

Kanyana alishika ukingo wa meza. "Mlimwambia kitakachokuja?"

"Tulimwambia tunapima mawe."

"Si hivyo nilivyouliza."

Rawan alimtazama mama huyu aliyevaa aproni ya mpira iliyotapakaa vumbi la nchi yake. "Hapana," akajibu mwishowe. "Hatukumwambia. Sisi wenyewe tulikuwa hatujajua."

"Anakunywa maji wapi?"

"Kuna kisima. Karibu tu na hapo. Kisima cha zamani sana."

Kanyana alikwenda kwenye rafu, akachukua sanduku la mwisho la tundu namba tisa, akaliweka mezani. Mawe ya sanduku lile hayakuwa na mafuta. Yalitoka chini zaidi, mwamba wa mafuta ulipoishia na jiwe la chokaa kuanza, na maagizo yalisema yapigwe picha kisha yatupwe. Jioni ile yangetupwa. Lakini Kanyana alikuwa ameyapasua, na mikono yake ilikuwa imeshagundua jambo ambalo karatasi za uchimbaji hazikulisema. Karatasi ziliandika jiwe kavu, lisilo na kitu. Yeye aliona matundu madogo madogo yaliyosafishwa na maji ndani yakawa laini, yenye utando wa rangi ya kutu, na matundu yenyewe yaliungana. Mawe ya namna hiyo aliyajua. Ndiyo yaliyokuwa kwenye jicho la kijito chao, maji yalipotokea.

"Mwagia maji," akamwambia Rawan.

Rawan alifungua chupa yake ya kunywa, akamwaga kidogo juu ya jiwe. Maji hayakutiririka pembeni. Yaliingia. Akamwaga tena, yakaingia tena, na baada ya muda tone likaonekana upande wa chini.

Rawan alikaa kitini. Alilishika lile jiwe mapajani kama kitu kilicho hai. "Watu wa zamu yangu waliandika kavu," akasema. "Mimi nikatia sahihi. Tukifungua shimo pale, kila kitakachovuja kitashuka moja kwa moja kwenye maji yao."

"Basi lisitupwe."

"Halitatupwa." Kisha akauliza, kwa upole, "Wewe ulijuaje?"

"Mimi nami niliwahi kuwaonyesha watu mawe."

"Ikawaje?"

Kule kwenye rafu Ndahiro alikuwa amegeuka, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama dada yake. Kanyana alivua aproni, akaitundika, akatoka nje hadi kwenye gari lake, akakaa humo na injini imezimwa mpaka Kavugho alipokuja kugonga kioo.

Jumamosi hiyo aliendesha gari peke yake kwenda Buffalo. Theluji ilianza alipopita Cleveland na haikuacha. Dada yake mkubwa, Umuhoza, alikuwa na nyumba ya mbao upande wa East Side, ngazi zake zimemwagiwa chumvi, na mlangoni viatu vya wajukuu vimepangwa kwa ukubwa. Umuhoza aliosha wazee kwenye nyumba ya kulelea, na siku hiyo alikuwa ametoka zamu, miguu ameiweka kwenye beseni la maji ya moto.

"Umekuja bila kupiga simu," akasema. "Nani amekufa?"

"Ndahiro."

Kanyana akaketi chini, kwenye zulia, karibu na lile beseni, akasema yote: wale watu, daftari, jina lake lililoandikwa, jiwe aliloliokota majini, mlango aliosimama nyuma yake. Alisema bila kulia, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Alipomaliza alingoja kofi.

"Nilijua," Umuhoza akasema.

"Ulijua nini?"

"Ndahiro aliniambia. Usiku ule baba alipomkana, alikuja kulala kwangu. Alikuona kijitoni na wale watu, Kanyana. Ndiyo sababu aliwafuata barabarani. Alikwenda kuwaomba wasikutaje. Gakwaya alipomwona, ndicho alichokuwa anafanya."

"Kwa nini hakusema?"

"Ulikuwa umeposwa. Alisema baba atakufukuza, na msichana aliyefukuzwa hana pa kwenda, mwanamume anaweza kulala hata porini. Alidhani atawatoa wale watu kwa maneno, kisha baba atatulia." Umuhoza alitoa miguu majini, akaiacha idondoshe maji sakafuni. "Alinikataza nisikwambie. Mwanzo nilinyamaza kwa ajili yake. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilikuchukia. Kila ulipoimba kanisani nilikuchukia. Nilisema moyoni, acha akae nalo."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Sasa Kanyana alilia, na haikuwa kwa nafuu. Alikuwa amezoea kujiona mwoga aliyemwacha kaka yake aonewe. Sasa alijua kwamba kaka yake aliona woga wake, akaubeba, akashuka nao shimoni. Umuhoza hakumkumbatia. Alimtupia taulo afute sakafu, na walipokuwa wote wawili wamepiga magoti wakifuta, mkono wa mkubwa ukakaa juu ya mkono wa mdogo na haukuondoka.

"Tumwambie baba mdogo," Umuhoza akasema. "Lakini si kwa simu."

Walikwenda Louisville Machi, kila mmoja kwa njia yake. Mzee Gakwaya alikuwa na miaka sabini na moja. Aliwapokea akiwa na blanketi begani, akawaita mabinti zake, akaagiza waletewe chai. Safari hii Kanyana alisema polepole. Mzee alisikiliza mpaka mahali pa barabara, pale alipomwona Ndahiro na wageni, kisha akainua mkono.

"Inatosha."

"Baba, sijamaliza."

"Nimesema inatosha!" Kikombe kilianguka. Mzee aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Walimsikia akitembea huku na huko, akizungumza peke yake, mara moja akimwita marehemu kaka yake kwa jina. Ilipita saa nzima. Umuhoza alisema waondoke, Kanyana akakataa.

Mlango ulipofunguliwa mzee alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, na kofia.

"Mimi ndiye niliyempelekea kaka yangu yale maneno," akasema. "Niliona watu wanazungumza, nikaongeza mengine. Hakuna aliyeniuliza nilisikia nini. Sikusikia kitu." Alikaa, akakaza mikono yake juu ya magoti. "Wewe ulifanya kosa, Kanyana. Sikufichi. Lakini huyu kijana hana kilio, na mimi ndiye mkubwa wa ukoo niliyebaki. Niambieni watu wa Columbus na wa Buffalo wanaweza kufika lini."

Walifika wiki ya mwisho ya Aprili, magari manne kutoka Columbus, mawili kutoka Buffalo, wakajaa kwenye ukumbi wa kanisa uliokodiwa karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege za mizigo zilipita juu ya sala zao. Kanyana alisimama akasema mbele ya wote. Haikuwa rahisi, na haikuishia kwa vigelegele. Binamu yake mmoja alitoka nje na hadi leo hampokei simu. Mama mmoja aliyempoteza mume katika zile wiki za moto alimjia baadaye, akamtazama sana, akaondoka. Kavugho alibaki amesimama nyuma yake muda wote akiwa amemshikia mkoba.

Ndahiro haonekani tena kwenye rafu. Kanyana hadanganyiki kwamba ameondoka. Kuna asubuhi, msumeno unapoanza, anahisi mtu amesimama nyuma ya bega lake, na haangalii nyuma. Anaendelea kupasua.

Rawan alimwandikia mwezi Juni. Barua yake kwa kampuni juu ya lile jiwe ilileta ugomvi mkubwa kazini, na wenzake wawili hawasemi naye. Lakini kampuni imelitoa tundu namba tisa kwenye ramani ya mgodi wa kwanza mpaka maji ya chini yapimwe, na kupima huko kutachukua miaka miwili. Baada ya hapo hajui. Alikuwa amekwenda kwa yule bibi, akamweleza kila kitu, safari hii bila kuficha. Bibi alikasirika sana. Hakumpikia chai.

"Vizuri," Kanyana akajibu. "Aendelee kukasirika."

Asubuhi ile ya Aprili, baada ya kilio, kabla magari hayajaondoka Louisville, wajukuu wa Umuhoza, waliozaliwa huku na wasiojua milima wala ng'ombe, walimzunguka Kanyana kwenye meza ya chai, wakamuuliza kwa Kiingereza yule kaka wa bibi yao alikuwa mtu wa namna gani. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Alikuwa anachekacheka hovyo," Kanyana akasema. "Hasa mahali pasipostahili. Siku moja, kwenye harusi ya mchungaji..."

"Si ya mchungaji," mzee Gakwaya akamkatiza kutoka mlangoni. "Ilikuwa harusi yangu."

Akavuta kiti, akaketi kati yao, akaanza kuwasimulia yeye mwenyewe.